Tarakilishi inayozimika nyumbani jioni, lakini kwa fundi haizimiki

"Mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi Mamboleo, Kisumu. Miaka mitatu iliyopita nilinunua tarakilishi ya mezani ya mtumba, ambayo ninaitumia kuweka hesabu za chama chetu na kuchapa mitihani ya shule mbili za jirani. Kwa miezi minne sasa imekuwa ikizimika ghafla, kisha inajiwasha yenyewe. Haionyeshi ujumbe wowote. Huweza kukaa wiki nzima salama, halafu ikazimika mara tatu jioni moja, hasa kati ya saa moja na saa tatu. Runinga iliyo kando yake haizimiki, na friji nayo iko kwenye ekstensheni hiyo hiyo bila shida. Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akaifomati mara mbili. Wa pili aliniuzia RAM. Kila ninapoipeleka mjini hukaa siku mbili bila kuzimika. Nikirudi nayo nyumbani, tatizo linarudi. Wakati mwingine nikigusa kasha lake ninahisi kama linaniuma vidoleni. Je, ninunue UPS, au stabilaiza, au niachane nayo ninunue nyingine?"

Pole sana, Mwalimu. Kupoteza hesabu za jioni nzima, ukalipa mafundi wawili na bado ukabaki pale ulipokuwa, ni jambo la kuchosha. Hata hivyo, barua yako imenisaidia kuliko unavyodhani, kwa sababu umeandika mambo ambayo huenda mafundi hawakuyauliza: kwamba mashine haionyeshi ujumbe, kwamba hujiwasha yenyewe, kwamba huchagua jioni, kwamba mjini haina neno, na kwamba kasha linauma. Ukiyaweka pamoja, yanaelekeza kidole upande mmoja. Ninaamini kwamba pawa saplai ya tarakilishi yako, yaani kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani, imechoka, na kwamba inakutana kila jioni na umeme unaoyumba kwa vipindi vifupi sana. Kila kimoja kikiwa peke yake pengine usingeona tatizo. Lakini kwa kuwa sijaiona mashine kwa macho yangu, nitakueleza kwa nini ninafikiri hivyo na namna ya kuthibitisha kabla hujatoa shilingi nyingine.

Kabla ya yote, leo hii, nakili hesabu za chama na mitihani yako kwenye flashi mbili, moja ibaki nyumbani na nyingine akae nayo mtu unayemwamini. Umeme ukikatika wakati faili inaandikwa kwenye diski, faili hiyo inaweza kuharibika nusu, na mashine inayozimika mara tatu kwa jioni inacheza na bahati hiyo kila mara.

Sasa tuondoe dhana ya virusi. Virusi ni programu, na programu hukaa kwenye diski na kusafiri na mashine popote inapokwenda. Kama chanzo kingekuwa hicho, tarakilishi ingezimika hata juu ya meza ya fundi mjini. Zaidi ya hayo, programu nyingi mbovu huandikwa ili ziibe nywila au zitumie mashine kwa siri, na kwa kazi hiyo zinaihitaji mashine iwe imewaka. Ulipofomati mara ya kwanza, yaani diski ikafutwa na kuwekewa Windows upya, na tatizo likaendelea, programu karibu zote zilikuwa zimeondolewa lawama. Kufomati mara ya pili hakukuwa na msingi. Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali mtu akufomatie mara ya tatu.

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo mashine huitumia ikiwa imewaka, inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa maana inaweza kweli kuangusha tarakilishi. Ila huwa na tabia yake. Kumbukumbu mbovu hubadilisha herufi moja au tarakimu moja mahali fulani, Windows inakutana na jambo isilolielewa, na inasimama ikiwa na skrini ya buluu yenye jina la kosa. Jina hilo likibadilikabadilika kila mara, leo hili na kesho lile, fundi hushuku RAM. Likiwa ni lile lile kila mara pamoja na jina la faili moja, hushuku drayva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa fulani cha mashine. Wewe unasema huoni ujumbe wowote, lakini hapo kuna mtego mmoja: Windows kwa kawaida imewekwa ijiwashe upya mara tu baada ya skrini ya buluu, na ujumbe unaweza kupita kabla hujausoma. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika sysdm.cpl, fungua sehemu ya Advanced, kisha Settings iliyo chini ya Startup and Recovery, uondoe alama kwenye maneno Automatically restart. Tangu hapo, kosa la programu, la drayva au la RAM litaiacha skrini ya buluu mbele yako hadi uione, ilhali kuzimika kwa sababu ya umeme kutaendelea kama zamani. Mpangilio huo hauna gharama yoyote, nao unatenganisha makundi mawili ya matatizo.

Nifafanue basi kinachotokea ndani ya pawa saplai. Umeme wa ukutani hapa Kenya ni volti 240, nao hukamilisha mizunguko 50 ya kwenda na kurudi kwa sekunde, maana yake mara 100 kwa kila sekunde hushuka hadi sifuri na kupanda tena. Tarakilishi haiwezi kuishi na umeme wa namna hiyo. Inataka volti 12, 5 na 3.3 zilizotulia, na zikipungua kwa zaidi ya asilimia 5 hivi inaanza kukosea. Kazi ya pawa saplai ni kubadilisha umeme huo, na kuziba mapengo inatumia kapasita kubwa inayohifadhi umeme kidogo ndani yake. Ifikirie kama tangi la maji lililo juu ya nyumba. Maji ya mfereji yakikatika kwa muda mfupi, bomba la jikoni haliijui habari hiyo, kwa sababu tangi linaendelea kutoa. Lakini tangi likijaa tope hadi karibu na ukingo, mfereji ukikatika kidogo tu, bomba linakauka papo hapo.

Pawa saplai nzuri iliyo mpya imetengenezwa ishikilie kwa takriban milisekunde 16 baada ya umeme wa ukutani kutoweka, hata ikiwa inafanya kazi yote inayoweza. Muda huo haufiki hata mzunguko mmoja wa umeme wetu, ambao ni milisekunde 20, lakini unatosha kuvuka mikatiko mingi midogo ambayo jicho huiona kama taa iliyopepesa. Kapasita hizo zina majimaji ndani, na majimaji hayo hukauka kwa miaka. Mafundi wa umeme wana kanuni ya makadirio kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa karibu nusu. Mashine ya mtumba huwa imeshatumika miaka kadhaa ofisini ng'ambo kabla ya kufika kwako, kisha imekaa miaka mitatu katika joto la Kisumu, huku feni ikivuta vumbi na wale wadudu wa ziwani wanaoifuata taa usiku na kuziba matundu ya hewa. Sitashangaa ikiwa tangi lake sasa limejaa tope.

Kapasita ikiisha nguvu, pawa saplai huacha kutuma ishara inayoiambia mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, kwamba umeme uko sawa. Mazabodi nayo husimamisha kila kitu papo hapo bila kuiuliza Windows, na umeme ukirudi baada ya sehemu ndogo ya sekunde, inaanza upya. Ndiyo maana huoni ujumbe: hakukuwa na nafasi ya kuuandika. Ndiyo maana pia inajiwasha yenyewe. Kama prosesa, yaani ubongo wa mashine, ingekuwa imezidiwa na joto, kwa kawaida ungeona kwanza mashine ikipunguza mwendo na feni ikivuma kwa nguvu, kisha ikizimika wakati wa kazi nzito, mchana au usiku. Runinga kutozimika hakuthibitishi kwamba umeme wako uko sawa, kwani runinga inaweza kuwa na tangi kubwa kulingana na matumizi yake na ikavuka pengo ambalo tarakilishi haivuki.

Na kwa nini jioni? Kati ya saa moja na saa tatu ndipo karibu kila nyumba imewasha taa, jiko, pasi na kifaa cha kupasha maji bafuni. Kifaa kimoja cha bafuni cha kilowati 5 huvuta zaidi ya ampea 20 peke yake, na nyumba kadhaa zinapogawana transfoma moja, volti hushuka na kuyumba. Karibu zaidi nawe iko friji yako mwenyewe. Kompresa ya friji inapoanza kuzunguka huvuta, kwa muda mfupi, umeme mara kadhaa kuliko inavyotumia ikishatulia. Mvuto huo ukipita kwenye waya mwembamba wa ekstensheni ulio na tarakilishi, ni tarakilishi inayopungukiwa. Mjini kwa fundi hakuna friji kwenye ekstensheni, transfoma ni nyingine, mashine imejaribiwa mchana, na pengine meza yake ina UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, ambayo hakuona haja ya kuitaja. Kwa hiyo fundi hakukudanganya aliposema kwamba kwake haizimiki. Alijaribu mashine bila kuijaribu nyumba.

Uthibitisho uanze na kazi ambayo umeifanya maisha yako yote, yaani kuweka rejista. Kwa wiki mbili andika tarehe na saa ya kila kuzimika, kama taa ilipepesa, kama friji ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuvuma, na ulichokuwa ukifanya kwenye skrini. Linganisha na kumbukumbu za mashine yenyewe: bonyeza tena Windows na R, uandike perfmon /rel, na utaona kalenda yenye alama nyekundu kwa kila siku iliyokuwa na ajali. Ukiandika eventvwr na kufungua kumbukumbu za System, utakutana na tukio linaloitwa Kernel-Power lenye namba 41. Hapa niombe uwe mwangalifu, kwa sababu jina hilo limewapotosha wengi. Tukio la 41 halisemi kwamba pawa saplai ni mbovu. Linasema tu kwamba mashine iliwaka na kugundua kuwa haikuzimwa kwa utaratibu. Kilicho na maana ni namba iliyoandikwa kando ya neno BugcheckCode katika maelezo yake: ikiwa ni 0, Windows haikuandika kosa lolote kabla ya kuzimika, na hiyo huambatana na umeme uliokatika au mashine iliyoganda kabisa, ikiwa si 0, kulikuwa na skrini ya buluu na uchunguzi uhamie kwenye drayva na RAM. Ukiona pia matukio yenye jina la WHEA-Logger, mwonyeshe fundi, kwani hayo yanatoka kwenye vifaa vyenyewe.

Wiki ya kwanza ya rejista iache kila kitu kama kilivyo. Wiki ya pili ondoa friji kwenye ekstensheni, na tarakilishi uichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, ikiwezekana ya chumba kingine. Ajali zikipungua sana, umeshajua nusu ya jibu bila kununua kitu. Kisha omba kwa jirani au kwa mwanachama wa chama UPS yenye betri nzima kwa jioni tatu au nne. Jaribio hili lina undani wake. UPS nyingi za nyumbani hazitoi umeme wa betri wakati wote. Hungoja umeme wa ukutani ukosekane, kisha hubadilisha, na mabadiliko hayo huchukua milisekunde 4 hadi 10. Pawa saplai nzima huvuka muda huo kwa urahisi. Kwa hiyo ukiwa na UPS nzuri na bado tarakilishi inazimika kila taa inapopepesa, umekwisha kuthibitisha kwamba pawa saplai haiwezi kushikilia hata milisekunde 10, na wa kubadilishwa ni yeye.

Kipimo cha RAM nacho kifanyike mara moja ili tusiache mwanya, maana hujui ile uliyouziwa ilitoka wapi. Andika mdsched, uiache ijipime mchana umeme ukiwa umetulia. Kosa hata moja halikubaliki. Joto la prosesa unaweza kulisoma kwa programu ya bure kama HWiNFO, na likikaribia nyuzi 95 kwenye kazi ya kawaida, kasha linahitaji kusafishwa na prosesa kupakwa upya malai ya kupitisha joto. Betri ndogo ya saa kwenye mazabodi, ambayo mafundi wengine hupenda kuibadilisha kwanza, ikiisha hupoteza tarehe na mipangilio ya mwanzo ya mashine tu. Haizimi mashine iliyokwisha kuwaka.

Nikija kwenye swali lako la pesa, stabilaiza ningeiweka mwisho. Inapandisha volti zilizoshuka, lakini haina akiba ya umeme ndani yake, kwa hiyo pengo fupi linapita ndani yake kama lilivyo. Tena, tazama kibandiko cha pawa saplai: kikiwa kimeandikwa volti 100 hadi 240, mashine yako tayari inavumilia volti zilizoshuka bila msaada huo. Stabilaiza ina maana zaidi kwa friji kuliko kwa tarakilishi.

Pawa saplai mpya ningeiweka kwanza, kwa masharti. Mashine nyingi za mtumba zilizotoka maofisini, hasa zenye kasha dogo, hutumia pawa saplai ya umbo na plagi za kampuni yake, na ile ya kawaida ya dukani haiingii. Fundi apige picha namba iliyo kwenye ile ya zamani kabla hujanunua. Ikiwa yako inatumia ile ya kawaida, usinunue kwa kufuata wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Tafuta mstari wa volti 12, uzidishe ampea zake kwa 12. Kifaa kilichoandikwa wati 500 ambacho mstari huo una ampea 15 kinatoa wati 180 pale zinapohitajika. Kwa mashine kama yako hizo wati 180 zinaweza hata kutosha, lakini mtengenezaji aliyetia chumvi kwenye kibandiko siwezi kumwamini kwenye kapasita.

UPS inafuata, na kwa nyumba ya Mamboleo naiona kuwa haja, si anasa, kwa kuwa umeme utaendelea kukatika hata pawa saplai ikiwa mpya, na hesabu za chama ni amana ya watu. Tarakilishi ya ofisi pamoja na skrini yake kwa kawaida haizidi wati 150, hivyo UPS ya VA 650 (VA ni kipimo cha ukubwa wa UPS) inatosha kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Usiichomeke friji humo, wala printa ya leza. Betri yake huhesabiwa miaka mitatu hadi mitano mahali penye baridi. Kwa joto letu, ipime kila mwaka kwa kuchomoa plagi ya ukutani huku umefungua ukurasa usio na thamani.

Kununua tarakilishi nyingine kungefaa ikiwa pawa saplai ya umbo lake haipatikani, au bei yake inakaribia nusu ya mashine. Pia zingatia kwamba Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kusitishwa huko hakuzimi mashine yako, lakini kama prosesa yake ni ya zamani kiasi cha kutokubaliwa na Windows 11, hiyo ni sababu ya kutoitumilia pesa nyingi. Ila ujue kwamba mashine nyingine ya mtumba, ikiwekwa kwenye ekstensheni hiyo hiyo pamoja na friji hiyo hiyo, inaweza kuanza kuzimika kama hii.

Nimeliacha la kasha kuuma kwa makusudi, kwa kuwa hili halingoji wiki mbili. Ndani ya pawa saplai mna vichujio vidogo vinavyounganisha nyaya za umeme na kasha, vilivyowekwa kwa kutumaini kwamba kasha limeunganishwa na waya wa ardhi. Waya wa ardhi ukikosekana, kasha hubaki na takriban nusu ya volti za ukutani, yaani karibu 120. Mkondo wake kwa kawaida ni mdogo sana, ndiyo maana unahisi mtekenyo tu. Lakini maana yake ni kwamba soketi yako, au ekstensheni yako, haina ardhi inayofanya kazi, na siku friji au pasi itakapopata hitilafu ya kweli hakutakuwa na njia ya umeme huo kuondoka isipokuwa kupitia mtu. Kwa sasa acha kuligusa kasha likiwa limechomekwa, na umwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, aje apime ardhi ya nyumba nzima. Kazi hiyo si ya fundi wa tarakilishi. Ardhi hiyo hiyo ndiyo vifaa vya kuzuia mshtuko wa radi huitegemea kwa sehemu kubwa, na kwa radi za ukanda huu wa ziwa, hata ukiwa nayo, ngurumo zikianza chomoa plagi na waya wa intaneti.

Usiifungue pawa saplai yenyewe hata ikiwa imechomolewa. Kapasita yake kubwa huweka karibu volti 340 na inaweza kubaki nazo kwa muda. Ukisikia harufu ya kuungua, mlio wa kupasuka, au diski ikigongagonga, zima, chomoa, na usijaribu tena kabla ya kuipeleka kwa fundi.

Unapoipeleka, beba rejista yako, pamoja na waya wa umeme na ekstensheni unayoitumia nyumbani, kwani plagi iliyolegea au waya uliokatika ndani huiga kila dalili uliyonieleza. Mwombe fundi aweke pawa saplai anayoijua kuwa nzima, kisha akuruhusu uirudishe mashine Mamboleo nayo kwa jioni nne au tano kabla ya kuinunua, hata kama atataka uache amana. Akikataa jaribio hilo na kusisitiza kufomati, mtafute fundi mwingine.